Uzi: Nakshi, kikoi na kigango – ubunifu una mwenyewe kwa hoja gani?

#1 Kalafati

Waungwana, salamu kwenu nyote. Mjadala uliopita, wa wanaoiga milango ya Lamu, ulijaa neno moja tu, "wametuibia nakshi", na huku mlango wenyewe ungali umesimama dakani, haujapungua hata ua moja. Basi kilichoibwa ni nini?

Mashua yako nikiichukua, kesho huendi baharini. Nakshi yako nikiiiga, patasi yako ungali nayo na mlango wako uko palepale. Ndiyo maana hoja za kumiliki shamba au chombo haziwezi kubebwa zima-zima zikatuliwa juu ya wimbo, mchoro au dawa. Anayetaka sheria imzuie jirani asichonge mbao zake mwenyewe ana deni la kutoa sababu. Sababu zimetolewa nyingi, ila ukizichuja hubaki mbili: ya soko na ya haki. Nami nasema hizi mbili hazikuzaliwa nyumba moja. Kila moja ina sheria yake, na anayezichanganya huishia kudai kitu ambacho hakipewi na hii wala ile.

Ya soko kwanza. Tuseme kundi la vugo, ngoma ya arusi, linataka kurekodi, na studio pamoja na wapigaji vitakula shilingi 48,000. Nakala ya kwanza imegharimu hizo. Ya pili, kwa bluetooth, haigharimu kitu. Wako watu 500 walio tayari kutoa 100, na wengine 1,000 ambao hawapiti 30. Kama kila mtu anaweza kunakili na kuuza, bei itashuka mpaka sufuri na zile 48,000 hazirudi, na kundi likilijua hilo mapema halirekodi. Kundi likipewa peke yake idhini ya kuuza, litapiga hesabu: kwa 30 linapata 45,000, hasara, kwa 100 linapata 50,000, limepona. Litauza kwa 100. Sasa watazameni wale 1,000 walioachwa nje. Kuwahudumia kusingegharimu hata senti, na starehe ya shilingi 30,000 imepotea bila kumfaidi mtu. Ukiritimba una ubaya huo na sheria inajua. Inauvumilia kwa muda ili kazi ipatikane. Venice mwaka 1474 ilitoa miaka 10. Uingereza mwaka 1710 ilimpa mtunzi wa kitabu miaka 14, na 14 nyengine akiwa bado hai. Kenya leo hataza, yaani idhini ya pekee anayopewa mvumbuzi, ni miaka 20 tangu siku ya kuomba.

Ya haki ina matawi mawili. Mwanafalsafa Mwingereza Locke mwaka 1689 alisema mtu anaumiliki mwili wake, kwa hiyo na jasho lake, na akilichanganya jasho na kitu kisicho cha mtu, kitu kinakuwa chake maadamu wengine wamebakishiwa cha kutosha na kizuri vilevile. Mwanafalsafa wa Marekani Nozick mwaka 1974 akauliza swali ambalo watu wa pwani tungepaswa kuliuliza kwanza: nikimwaga kopo la maji ya nyanya baharini, nimeimiliki bahari au nimepoteza nyanya zangu? Fundi anayeongeza ua moja kwenye nakshi ya miaka mia mbili yuko kwenye swali hilohilo. Tawi la pili, la mwanafalsafa Mjerumani Hegel na waliomfuata, halijali jasho. Linasema kazi ni nafsi ya mtu iliyotoka nje, kwa hiyo kuivuruga au kuifutia jina ni kumgusa mwenyewe.

Sasa zilinganisheni. Kwa hoja ya haki, kwa nini haki iishe baada ya miaka 20? Shamba lako haliishi. Kwa hoja ya soko, kwa nini idumu milele? Wimbo ukishatungwa hautungwi tena.

#2 Mofa

Kaka Kalafati, hesabu yako ina tundu. Kundi liuze kwa 100 mwezi wa kwanza, kisha lishushe hadi 30. Limepata 80,000 na hakuna aliyeachwa nje. Tena kundi la vugo hula kwa arusi. Rekodi ikisambaa bure, mialiko ndiyo inaongezeka.

#3 Kalafati

Kweli nusu. Wenye 100 wakizoea kwamba bei hushuka, watangoja. Bei mbili husimama pale tu unapoweza kuwatenga wanunuzi, ndiyo maana kitabu hutoka kwanza na jalada gumu.

La arusi nalikubali kwa muimbaji. Mtunzi anayekaa nyumbani akimwandikia muimbaji haalikwi. Na dawa haina arusi: gharama yake iko kwenye majaribio, na kidonge hakiwezi kualikwa kutumbuiza. Kwa hiyo hoja ya soko ni nzito kwa dawa, ya wastani kwa filamu, nyepesi kwa vugo. Sheria inavivika vyote kanzu moja.

#4 Hesabu za Jioni

Niongeze tarakimu kwenye lile swali la muda, maana hapo ndipo hoja ya soko inapojifunga yenyewe.

Shilingi ya kesho si sawa na ya leo. Chukua punguzo la asilimia 10 kwa mwaka. Shilingi 100 utakayolipwa baada ya miaka 20 leo ina thamani ya kama shilingi 15. Baada ya miaka 50, senti 85. Baada ya miaka 70, senti 13. Ukijumlisha malipo yaliyo sawa kila mwaka, miaka 20 ya kwanza inabeba takriban asilimia 85 ya thamani yote ya haki isiyo na mwisho, na miaka 50 inabeba zaidi ya 99. Yaani mtunzi anapoamua leo kama ataandika au ataenda kuvua, kila kinachopita miaka 50 hakimsukumi hata kidogo.

Hakimiliki ya Kenya kwa maandishi, muziki na sanaa ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mtu akitunga akiwa na miaka 30 akafa na 80, kazi imefungwa miaka 100. Marekani waliongeza 20 juu ya 50 mwaka 1998, na kesi ilipofika mahakama yao ya juu, wanauchumi 17, Arrow na Friedman wakiwemo, waliwasilisha hoja hiihii. Mahakama mwaka 2003 ikaacha sheria isimame. Kwa hiyo anayetetea miaka hiyo asitwambie habari za kuchochea ubunifu. Aseme wazi kwamba anawatetea wajukuu.

#5 Mkomani

Kuwatetea wajukuu si aibu, lakini iwe kwa dalili. Kwa kuwa wengi hapa huuliza upande wa sheria ya dini, niuweke kwa ufupi.

Swali la mafakihi lilikuwa: je, kitu kisichoshikika ni mali? Mahanafi wa zamani walisema mali ni kinachoweza kuhifadhiwa, na manufaa peke yake si mali mpaka mkataba uyaingize. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya pwani hii, huyahesabu manufaa kuwa mali. Kwa msingi huo kuiuza haki ya kuchapa si jambo geni kwetu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipitisha huko Kuwait, Desemba 1988, kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, haifai kuzivamia, na zinauzika maadamu hakuna udanganyifu.

Upande wa pili upo. Kuficha elimu kumekemewa, na waliopinga walimtegemea mwanachuoni wa Kimaliki al-Qarafi, aliyesema ijtihadi ya mtu, yaani juhudi yake ya kutafuta hukumu, hairithiwi kwa kuwa imefungamana na akili yake. Tazameni, hata humo ugomvi ni uleule wa Kalafati: thamani ya mali upande mmoja, nafsi ya mtu upande mwengine.

#6 Mkaya wa Malindi

Mnazungumza milango tu. Leteni hoja zenu hapa Malindi tuzipime kwa kigango.

Kigango ni nguzo ya kumbukumbu ya Wagiriama. Huchongwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama chao cha wazee, aliyefariki, husimamishwa, na hakitakiwi kuondolewa. Vikaibwa kwa mamia vikaishia kwa wauzaji wa sanaa na makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurejesha vigango 30. Huo ni wizi wa kawaida, kitu kilikuwepo sasa hakipo, na hauhitaji falsafa. Lakini mtu akichonga kigango kipya cha kuigiza na kukisimamisha kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, hajachukua kitu cha mtu. Hoja ya soko hapo inatoa sufuri kabisa: hakuna Mgiriama aliyewahi kuchonga kigango kwa kungoja mrabaha. Jasho la Locke nalo halisaidii, maana aliyechonga ndiye aliyetoa jasho. Kinachobaki ni nafsi, na hapa nafsi ni ya ukoo na ya marehemu wake.

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imesimama juu ya mguu huo. Inataka ridhaa ya jamii kabla ya kutumia, inakataza matumizi ya kudhalilisha, na kaunti imepewa kazi ya kuweka daftari. Katiba yenyewe, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumika. Kinachokwama ni utekelezaji: nani atatia sahihi kwa niaba ya jamii? Na ukiandika siri ya kaya, mahali patakatifu pa mababu, kwenye daftari la umma ili uilinde, umeshaitoa siri. Kwenye daftari liingie jina, jamii, eneo na aina ya matumizi yanayokatazwa. Yaliyomo yabaki kwa wazee.

#7 Bi Sanifu

Mkaya umenena. Mimi nitawarudisha kwenye karatasi, maana mafundi wanapoteza haki kwa kutosoma kipengele kimoja.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi hailindwi kwa kuwa ni nzuri. Sharti iwe imetumia juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe, na iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa kwenye kitu. Wimbo ulio kichwani haumo. Nakshi ya zamani iliyonakiliwa ua kwa ua haimo, hata ukiichonga miezi sita, kwani jasho bila sura mpya halitoshi. Mchoro mpya wa fundi unalindwa tangu penseli inapogusa karatasi, bila ada. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni hiari, faida yake ni ushahidi.

Sasa mtego. Kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu, au ikifanywa ndani ya ajira, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au muajiri, isipokuwa mmekubaliana vyengine. Mwenye nyumba Shela au hoteli Malindi anapomwambia fundi "nichoree mlango mpya kabisa", haki ya uchumi ya ule mchoro inaelekea kwake. Kesho anaweza kumpa fundi mwengine achonge arubaini kwa mchoro huohuo, na fundi wa kwanza hana la kudai kwa upande wa pesa. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye karatasi ya oda kabla ya malipo ya kwanza: "Hakimiliki ya michoro inabaki kwa fundi, mteja amepewa ruhusa ya kutengeneza mlango mmoja." Tarehe, sahihi mbili, na picha ya mchoro nyuma yake.

Tena tazama sheria ilivyogawa. Haki ya uchumi imehama, lakini haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi isiharibiwe, kifungu cha 32, imebaki kwa fundi na haihamishwi akiwa hai. Kalafati anasema hoja mbili si za nyumba moja. Bunge limezipa vyumba viwili.

#8 Mofa

Basi Bi Sanifu, nipimie Muhamadi Kijuma. Alikuwa mshairi wa Lamu, mchonga milango, na tena akiwanakilia wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens tenzi za kale. Ana haki gani?

#9 Bi Sanifu

Alifariki 1945. Kwa hesabu ya sheria yetu ya sasa, tungo zake mwenyewe zililindwa mpaka tarehe 31 Desemba 1995. Leo ni za umma. Tenzi alizonakili hazikuwa zake hata siku moja, ila mapambo aliyoyabuni pambizoni yana sura yake. Na msomi anayezihariri leo akaweka maelezo na tafsiri anamiliki maelezo na tafsiri, hamiliki beti. Watu wengi wa mjini hudhani kitabu kikiandikwa "haki zote zimehifadhiwa" basi hata beti za babu zimefungwa. Hapana. Zinakili beti, ziache tanbihi.

#10 Kalafati

Kuna sababu nyengine ya soko ambayo sikuigusa: kufichua. Fundi wa vyombo wa Matondoni, Lamu, akigundua namna mpya ya kukalafati chombo isiyotumia sifa (mafuta ya papa) wala deheni (mchanganyiko wa chokaa na shahamu), ana shida ambayo Arrow aliieleza mwaka 1962. Mnunuzi hawezi kujua siri ina thamani gani mpaka aambiwe, na akishaambiwa ameipata bure. Kwa hiyo fundi atainyamazia, na siku akizikwa inazikwa naye. Hataza ni mapatano: eleza kila hatua mpaka fundi mwenzako aweze kuifanya, nasi tutakulinda miaka 20. Kwa uboreshaji mdogo ipo njia nyepesi ya miaka 10 isiyoongezwa. Zote zinapitia Taasisi ya Mali za Viwandani ya Kenya.

Maombi haya huweza kufa kwa kukosa upya. Kisa cha mwarobaini kinatosha: hataza ya Ulaya ya dawa ya kuua kuvu kutokana na mafuta yake, iliyotolewa 1994, ilifutwa 2000 na rufaa ikashindwa 2005, kwa kuwa wakulima wa India walikuwa wakiitumia zamani. Lakini hilo ni kisu cha pande mbili. Kinachomzuia mgeni kumiliki mwarobaini ndicho kinachotuzuia sisi kumiliki deheni.

#11 Hesabu za Jioni

Na hata hataza halali ina ukuta. Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2012, katika shauri lililofunguliwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ilisema sheria ya bidhaa bandia ya 2008 haiwezi kutafsiriwa mpaka ikafungia dawa za bei nafuu zilizo halali. Haki ya uhai, utu na afya ilitangulia. Yule mnunuzi wa shilingi 30 wa vugo anakosa wimbo. Wa dawa anakosa uhai.

#12 Mkaya wa Malindi

Mgala muue na haki yake umpe. Tumeshasema nakshi ya zamani si ya mtu. Basi mafundi wa Lamu wasipate kitu kabisa, huku milango ya mashine inauzwa "Lamu door" kila duka la fanicha?

#13 Bi Sanifu

Wanapata, ila wasidai nakshi. Wadai jina. Alama ya biashara ina hoja yake: inamuokoa mnunuzi asidanganywe, na ndiyo maana haina mwisho, miaka 10 ikifanywa upya kila mara. Hakuna anayenyimwa kuchonga, ananyimwa kusema uongo.

Kikoi kilitufunza. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy". Lingepita, mfumaji wa Kenya angezuiliwa kutumia jina la nguo yake sokoni mle. Liliwekewa pingamizi, halikusajiliwa. Neno la kawaida la kitu haliwi la mtu mmoja, kama vile hakuna anayeweza kusajili "chapati" mkahawani.

Kwa milango, njia ni alama ya pamoja chini ya sheria ya alama za biashara, sura ya 506. Kwanza undeni chama kilichosajiliwa. Msichukue alama ya uthibitisho, kwani mmiliki wake haruhusiwi kufanya biashara ya bidhaa ileile, na nyinyi ndio wauzaji. Kisha tafuteni kwenye daftari kama kuna inayofanana. Kwenye orodha ya bidhaa za alama, milango ya mbao iko daraja la 19. Mkisajili daraja la 20 la fanicha peke yake mmelinda makabati. Maombi yakipita ukaguzi hutangazwa kwenye jarida, na wapinzani wana siku 60.

Kazi nzito ni kanuni za matumizi zinazoambatana na maombi. Zieleze nani mwanachama, mlango upi unafaa, nani anakagua, na adhabu ni ipi. Hapo ndipo vyama vingi huanguka. Wakiandika "bambakofi tu" wanawafukuza wenzao, kwa kuwa mbao hiyo ni ghali na haipatikani ovyo. Wakiandika "mbao nzuri" hawajaandika kitu. Andikeni mambo yanayopimika: mfaa (ubao wa katikati), miimo na kizingiti vichongwe kwa mkono, mashine iruhusiwe kwenye kupasua na kuranda tu, na kila mlango upigwe namba mahali pasipoonekana. Ada ya muhuri kwa kila mlango imlipe mkaguzi, maana alama isiyokaguliwa hugeuka pambo.

Na mfanyabiashara akijitolea "kuwasajilia" kwa jina lake ili mambo yaende haraka, mkataeni kwa adabu.

#14 Mofa

Na fundi aliyefunzwa Lamu, mkono uleule, lakini karakana yake iko Malindi?

#15 Bi Sanifu

Inategemea sentensi moja. Mkiandika "umechongwa ndani ya Kaunti ya Lamu", yuko nje, ingawa anaweza kuendelea kuchonga nakshi ileile bila kutumia alama. Mkiandika "umechongwa na fundi aliyefunzwa kwa mkono wa Lamu", yuko ndani, ila afisa atawauliza mafunzo hayo yanathibitishwa na nani, na kwa karatasi ipi.